Kizungu cha Kinyozi

Baba,

Nimekaa kwenye benchi ulilolitengeneza mwenyewe, lile lenye mguu uliokuwa ukisema kila siku utaurekebisha. Mama yuko ndani anapepeta mchele wa arobaini yako. Kesho kutwa watu watajaa hapa uani, na ameniomba nisimame mbele yao niyarudie yale aliyoyasema mzungu wako siku ya matanga. Nina aibu, Baba, na Temeke nzima sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinitangaza. Mgeni akifika tu, hajanywa hata maji, unaniita: "Hebu mpige Kizungu kidogo asikie." Nami nasimama, nakohoa, namwaga: karibu ukae, bwana, kama siku zote, bwana? tuliza kichwa, bwana, pembeni nipunguze? Wageni wanaguna kwa mshangao, wewe unajifanya unaangalia kuku. Ulidhani mwanao anazungumza na Waingereza mambo ya dunia. Hayo ndiyo yalikuwa yote, Baba. Yule Mgoa mwenye duka la kunyolea wazungu, ninakofanya kazi, alitufundisha maneno kwa vifaa: ukishika shuka unasema hivi, ukishika kitana unasema hivi, ukishika wembe unasema hivi. Nikiwa mikono mitupu hayaji. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unafurahi, nami nilipenda kukuona ukifurahi.

Basi siku ya pili ya matanga akaja bwana mkubwa wa karakana ulikofanya useremala miaka yote. Alikuja peke yake, kofia mkononi. Akasimama katikati ya wanaume, akasema maneno machache. Alipomaliza, baba mdogo akanigeukia: "Haya mwanetu, tufasirie. Na upaze sauti, mama yako huko ndani asikie."

Nilikuwa nimedaka neno "baba" na neno "mkono". Mengine yote yalinipita. Nikafungua kinywa, nikajisikia natamka: "Bwana anasema, milango ya fundi huyu haikumsumbua mtu. Anasema mlango alioutia yeye, mtoto anaufungua kwa kidole, na masika yakija hauvimbi. Anasema hakumpa mtu kazi ambayo yeye mwenyewe asingeitia nyumbani kwake." Ndani nikamsikia mama akilia, lakini kilio chenyewe kilikuwa kimebadilika, kama cha mtu aliyepokewa mzigo. Yule bwana alikuwa bado ananitazama, anangoja nami nimwambie kitu. Nikamwambia lile tunalowaambia wateja wakiinuka kitini: karibu tena, bwana. Matangani, Baba. Aliinamisha kichwa akaenda zake.

Tangu hapo mama anayasema hayo ya milango kwa kila anayeingia. Hata muuza samaki anayajua. Jirani yetu Bi Mwanaisha alikuja kuusukuma mlango wetu kwa kidole, ukafunguka, akatikisa kichwa akasema, "Kumbe wazungu nao huona." Mie nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya choo.

Nikaona heri nijue. Nilimwendea mwalimu mmoja wa misheni nikamwomba sentensi moja tu, nikaibeba siku zote hizo kama yai: Bwana, siku ile ulisema nini juu ya baba yangu? Jumamosi yule bwana wa karakana akaja dukani kunyolewa. Nikamfunga shuka, nikampaka povu, halafu nikauweka wembe mezani, asije akadhani namtisha. Nikamwuliza. Akiwa na povu lake usoni akasema polepole, neno moja moja, na pale niliposhindwa alirudia kwa ishara za mikono. Alisema: nilisema nasikitika. Baba yako alinifanyia kazi miaka mingi, nami sikuwahi kumpa mkono. Hata jina lake nimelijua siku niliyoambiwa amekufa.

Mlango hakuutaja.

Nilimnyoa nikamaliza, sijui vipi. Tangu siku ile najiambia nirudie tu uongo wangu, nani atajua? Uongo wenyewe haumdhuru mtu, na mama ameuegemea. Lakini najiuliza yale maneno yalitoka wapi, maana sikupata hata nafasi ya kuyafikiri. Yalitoka kwangu, Baba. Nimeifungua milango yako tangu sijaota meno ya pili, na sikuwahi hata siku moja kukwambia kwamba kazi yako ni nzuri. Wewe ulinisifu kwa kila mgeni, kwa kitu nisichokuwa nacho. Mimi nilikuwa na sifa yako ya kweli kifuani, na hata siku nilipoitoa nilimtwisha mzungu, nikidhani ikitoka kwangu haitakuwa na uzito. Hiyo ndiyo aibu yangu, kuliko ile ya Kizungu.

Pumzika, Baba. Mungu akulaze mahali pema. Kesho kutwa nitasimama mikono mitupu niwaambie bwana yule alisema kweli yake, kwamba hakukujua. Mama akininunia nitavumilia, ana haki. Kisha nitawaambia yale ya milango ni yangu mimi, mwanao kinyozi, na nitayarudia yote, kwa Kiswahili, nikianza na jina lako.

Mwanao,
Hamisi