Celestine na kimashine cha kupuliza

Mugure, weka kila kitu chini unisikize. Ni Celestine. Celestine wetu, huyu ambaye hajawahi hata kushika sigara!

Unajua ule utafiti wa wavuta sigara, pale kliniki karibu na mtaa wa Section 58? Walitaka pia watu wasiovuta, wa kulinganisha. Leo asubuhi akajitolea, akaenda na Adero wake wa miaka sita, maana shule zimefungwa.

Akapuliza kwa kile kimashine cha kupima sumu ya moshi kwenye pumzi. Kumi na tisa. Na asiyevuta hapiti sita! Daktari akamwangalia. "Mama, hapa hatuhukumu mtu. Unavuta pakiti ngapi kwa siku?"

Pakiti! Mbele ya wamama wa kanisa waliokuwa kwa foleni! Celestine akaapa kwa kaburi la mamake. Akapuliza tena. Kumi na tisa.

Daktari akageuza swali: "Nyumbani mnapika na nini?"

Na makaa, Celestine akamwambia, sasa na nini? Na kwa baridi hii ya Agosti, chai ikishaiva jiko linaingizwa chumbani, dirisha linafungwa, Adero anaota moto hapo hadi amalize kuvaa. Si hata sisi tulilelewa hivyo?

Daktari akabadilisha kimrija cha kupulizia, akainama, akampa mtoto.

Adero akadhani ni mchezo. Akajaza mashavu, akapuliza kwa nguvu zake zote. Ishirini na sita.

Na Adero, Mugure, alikuwa anaruka akipiga makofi: "Mum, nimekushinda!"