Ng'ombe Watoke Kwanza

Sharja, 8 Julai 2018

Binti yangu Spogmai,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu, na huo ni wa matofali. Wewe na huyo wa tumboni mnaendeleaje? Simu ya hapo nyumbani anayo kaka yangu, baba yako mkubwa na mkwe wako, na haya si ya masikio yake. Ndiyo maana nimeandika. Gulzada, mwenzangu wa kazini, anakuja likizo, atakupa mkononi.

Huku kambini wanasema wazee wa vyama vyote wamekaa barazani wakakubaliana wanawake wa kijijini kwetu Shinkot wasipige kura. Watu ambao hawajawahi kukubaliana hata maji ya mfereji yapite wapi. Mimi nasema kapige. Zahanati ina mlango, mkunga haina. Mama yako alifia njiani kwa uzazi, tumembeba juu ya kitanda cha kamba. Kile kitanda nilikiacha hapo nyumbani nimekiegemeza ukutani, mtu asikilalie. Na wewe siku zako zinakaribia. Mwambie kaka nimesema mimi.

Baba yako

Shinkot, 27 Julai

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, miguu imevimba kidogo. Mume wangu bado yuko Karachi, anakusalimu.

Nilimwambia baba mkubwa. Akacheka, akasema jua la Sharja limekupiga kichwani. Vitambulisho vyetu vyote kavifungia kwenye sanduku barazani. Siku ya kura tulishinda uani tunamenya vitunguu. Karani wa kike aliyeletwa kutoka mjini alikaa kituoni akafuma soksi mpaka jioni.

Mgombea wao kashinda, bunduki zimepigwa juu. Zahanatini baba mkubwa bado analaza ng'ombe wake. Unamkumbuka mkunga wa mwaka juzi? Alifungua mlango, ng'ombe akamtazama, akarudi na gari lilelile lililomleta. Usiku nasikia wanavyocheua humo, nawaza.

Binti yako

Sharja, 19 Agosti

Spogmai,

Hujambo? Mimi mzima. Msimamizi katusomea gazeti: kura ya kwetu imefutwa, itarudiwa. Sheria inataka katika kila kura kumi walau moja iwe ya mwanamke. Kwetu haikuwepo hata moja. Kambi nzima imecheka. Ushindi wa kaka umeliwa na sanduku lake mwenyewe.

Usimcheke mbele yake. Atakuja tu. Akija, usiombe nguo wala sukari.

Baba yako

Shinkot, 14 Septemba

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa. Mimi mzito, lakini mzima.

Walikuja. Wazee wote, na kondoo, mpaka mlango wa wanawake. Wewe unajua, anayekuja na kondoo mlangoni kashakiri kosa, na hafukuzwi. Wakasimama wamegeukia ukuta wasituone. Baba mkubwa akakohoa weee, mwisho akasema, "Wanangu, tulikosea hesabu."

Mama mkubwa, mkewe, akamjibu kutoka nyuma ya pazia. "Hesabu hamkukosea, Haji. Mlitukosea sisi."

Kondoo tukampokea, desturi ni desturi. Kisha nikasema mimi: "Tutakuja kupiga kura sote. Ila ng'ombe watoke kwanza, na mkunga awe ameingia."

Baba mkubwa akauliza ng'ombe watalala wapi na mvua hii.

"Barazani," mama mkubwa akasema. "Nafasi ipo. Mikutano yenu si imekwisha?"

Mzee mmoja akacheka, akajifanya anapiga chafya.

Ng'ombe wakatolewa. Tulikwangua samadi, tukapaka chokaa mpaka mikono ikababuka. Mkunga kaja, anaitwa Nahid, mkali kama pilipili. Baada ya hapo ndipo tulipokwenda kupiga kura, vitambulisho vyetu mkononi. Nilisimama mstarini, mama mkubwa nyuma yangu kanishika kiuno. Nina wino kidoleni, baba, siuoshi. Niliyempigia sikutajii. Baba mkubwa naye hajui, anazunguka na swali usoni, haulizi.

Binti yako

Sharja, 30 Oktoba

Mwanangu,

Alhamdulillahi. Alhamdulillahi.

Kaka alinipigia mwenyewe. Kanieleza mtoto alivyotanguliza miguu, na damu, vilevile kama ya mama yako. Akasema Nahid alimfukuza mlangoni kwa ndoo, na yeye akakaa nje kwenye mvua mpaka akasikia kilio. Halafu akalia. Sikuwahi kabla kumsikia kaka yangu akilia. Mshukuru kwa niaba yangu, na ng'ombe wake. Mshukuru shemeji. Nahid mpe ile asali niliyompa Gulzada akuletee, yote. Wanawake waliopaka chokaa wape mkono mmoja mmoja, useme unatoka kwangu.

Mmemwita Zarmina, jina la mama yako. Asubuhi ile sikubeba tofali. Nilikaa.

Kitanda cha ukutani kitoe uani. Kaza kamba, zimelegea. Mlaze mtoto juani.

Baba yako