Shika Sahani, Dada Mkunde

Basi hata hiyo jana, dada Mkunde mpenzi, ulipoisikia sauti yangu kwenye simu ukasema unawahi zamu ya hospitali, kisha ukakata, sikukasirika. Nilibaki nimeshika simu mkononi nikasema peke yangu, "She put down the telephone pompously." Nikacheka. Kisha nikalia, wali ukiungua jikoni.

Unakumbuka neno hilo lilivyoingia kwetu? Nilikuwa nimefika kwako Rågsved, hapa Uswidi, na cheti changu cha kidato cha nne, na Kiingereza cha kusoma tu, si cha kusema. Ukaniambia Kiswidi kitakuja taratibu, lakini kwa kuanzia nilihitaji Kiingereza cha kuombea chumvi mezani. Kila jioni tukiosha vyombo ulinipa neno moja nilitungie sentensi za maisha ya kila siku. Mengine yote yamenitoka. "Pompously" likabaki. "Ni mtu anayefanya jambo dogo kana kwamba dunia nzima imesimama kumtazama," ulisema, ukakifuta kijiko kwa madaha mpaka nikashika mbavu.

Tangu hapo tukamwona mtu huyo kila mahali. Yule mzee wa ghorofa ya chini, aliyeingia chumba cha kufulia kila tulipomaliza zamu yetu na kupitisha kidole juu ya mashine, alitafuta vumbi pompously. Paka wa jirani alilala dirishani pompously. Na siku niliyovaa koti langu la kwanza la baridi ukaninong'oneza kwenye treni, "Mdogo wangu amekaa pompously, na karatasi ya bei inaning'inia mgongoni." Tulicheka hadi tukapitiliza kituo.

Halafu akaja Kariuki wangu. Dada, nivumilie, mimi ni bibi arusi bado! Huyu Mkenya ananipenda mpaka naona haya. Asubuhi za baridi huniwekea viatu karibu na bomba la joto ili nivivae vikiwa na moto. Akirudi kazini huita jina langu tangu kwenye ngazi, Waswidi wakafungua milango kuchungulia. Nikimtazama akilala nasema, ni wangu kweli? Na katikati ya furaha yote hiyo kuna kiti kimoja kitupu, nacho ni chako.

Siku ya arusi ulifanya kama ifanyikavyo kwetu. Dada wa bibi arusi humshikia bwana arusi sahani yake ya kwanza, akamtania, wala haiachii mpaka ajibiwe kwa utani. Ukumbi ulikuwa na Waswidi, Waganda, na wenzake Kariuki wa ofisini, ukaona useme Kiingereza wote wafaidi. "Our bridegroom is waiting for his chicken pompously!" Ukumbi ukaangua kicheko. Wewe umeshika sahani, macho yanakung'aa, unangoja jibu. Naye, ambaye kwao hakuna mchezo huo, akadhani umemuumbua mbele ya wakubwa zake. Akaondoa mkono. "Kaa nayo," akasema. "Sina njaa."

Niliuona uso wako. Uliiweka sahani mezani polepole, ukachukua koti. Mpaka leo yeye anasema ulimtukana, nawe uliwaambia watu kwamba amekukataa.

Tangu siku ile neno letu limekuwa kama mgeni aliyekuja na mizigo yake hapa kwangu na Kariuki, Hallonbergen. Kariuki akifunga tai, nalisikia. Akikunjua gazeti la Kiswidi asilolielewa, nalisikia. Zamani ningecheka. Sasa naogopa, kwa sababu namtazama mume wangu kwa macho yako, na macho yako siku hizi hayamtaki.

Ila wiki iliyopita nilimpelekea chakula alichokisahau. Nikamwona kwa mbali mbele ya jengo la kazi yao, peke yake, mabega yameanguka. Mle ndani huchora michoro vizuri kama mwenzake yeyote, lakini wanamsemesha neno moja moja kama mtoto. Kabla ya kushika mlango alivuta pumzi, akanyoosha shingo, akainua kidevu, ndipo akaingia. Nilisimama na bakuli langu nikashindwa kumwita. Dada, kidevu kile ni nguo yake ya kazini. Siku ya arusi hakuwahi kuivua, maana wale wale walikuwa ukumbini.

Jioni ile nikamweleza habari ya sahani, tangu mwanzo.

"Kwani ulikuwa mchezo?" akauliza.

"Mchezo wa kwetu."

"Na mimi nilitakiwa nijibu?"

"Ndiyo. Umtanie zaidi."

"Mbona hakuna mtu aliniambia? Wote mlinitazama tu!"

Akaenda bafuni. Nikasikia maji yakifunguliwa, yakifungwa. Nilidhani amenuna. Akatoka na taulo shingoni, amejinyoosha kama mkuu wa mkoa, akasema, "My sister-in-law holds other people's chicken pompously."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini yeye hakucheka, dada. Aliketi kando yangu akauliza kwa sauti ndogo, "Nikienda, atanifungulia?"

Ninavyokujua unaweza kushikilia ukaidi hadi mwaka uishe, na yeye, ukimfungia mlango mara moja, hatagonga tena. Nami siwezi kuishi nimegawanyika kati ya Rågsved na hapa, nikimpenda huku nikikulilia kule.

Kwa hiyo usikate simu. Au ikate, lakini pika kuku. Tutakuja Jumapili moja kabla mwezi huu haujaisha. Ukifungua mlango usiseme samahani, wala usingoje aiseme yeye. Shika sahani yake kwa mikono miwili, mtanie utakavyo, na usiiachie. Safari hii atajibu.

Bibi arusi wako, mdogo wako wa sinki moja