Mahindi Kwenye Njia ya Baiskeli

Uyole, Jumanne

Miguu imekufa kabisa. Mimi, bingwa wa baiskeli Uyole nzima (nani abishe?), leo nimeponea chupuchupu.

Njia mpya ya baiskeli na waenda kwa miguu imejaa mahindi yaliyoanikwa. Nikakwepea barabarani, lori likanipitia karibu mpaka nikaangukia mtaroni.

Nimefika nyumbani nalalamika, mama anacheka. "We bingwa, si uyaruke?"

"Mama, ningekufa."

Mahindi yetu nayo huanikwa kule kule njiani, maana uani kwetu bado tope, yataoza.

Jioni hii tumeyaanua; kesho asubuhi nayarudisha njiani mimi, kwa baiskeli hiyo hiyo. Nimemwomba tu aache nafasi usukani upite. Amekubali.

Sasa wamebaki wa kuombwa mama za wenzangu wote.