Maji Nyekundu ya Kisima Mpya

Lurujo, 1974

Kwa Rehemah mtoto wangu, huko shule Arua,

Baba yako anakusalimu. Bibi yako anakusalimu, mguu yake imepoa. Sadiya mdogo wako anakusalimu na meno yake mbili. Mimi pia niko mzima, mpaka leo.

Kisima mpya imetoa maji! Lakini ikikaa katika mtungi inakuwa nyekundu, na kanzu ya baba yako imegeuka rangi ya chai. Watu wakataka kufukia kisima. Nikakumbuka likizo, ulisoma daftari ya sayansi kwa sauti: maji yenye chuma inakuwa nyekundu hivyo, haina ubaya, mbaya ni ya mto, kule ng'ombe wanaingia. Nikawaambia. Jirani yetu Driwaru akacheka, "Kunywa basi wewe, mama wa mwalimu!"

Nikakunywa vikombe mbili mbele yao. Ladha yake ni kama jembe. Hiyo ilikuwa Ijumaa, leo Jumatatu tumbo iko kimya, na kijiji yote inachota, hata Driwaru. Nimefurahi sana.

Lakini mwanangu, fungua daftari tena. Ulisema chuma, sivyo? Jibu upesi, umpe dereva huyu huyu aliyekuletea barua. Sadiya peke yake sijampa maji hiyo bado.

Mama yako,
Kaltumu