Firigisi ya Levi

Kibomet, Kitale

Kwako Senge, shangazi yangu huko Bungoma,

Mahindi yetu yamebeba vizuri, na mguu wa Mama umepona. Sasa sikiza ya Jumapili.

Wachumba wawili walinijia siku moja. Derrick alizungusha gari lake uani ndio majirani waone. Levi alishuka bodaboda na vumbi hadi kwenye nyusi. Nilicheka kimoyomoyo, kwa sababu ndiyo baiolojia ninayowafundisha kidato cha nne: madume hushindana kwa mbwembwe, lakini jike ndiye huchagua, na humtafuta atakayesaidia kulea.

Tulichinja kuku wawili. Baba akawapa wachumba firigisi, kama kawaida yetu, maana mwanamke haili. Derrick aliimeza yake akiongea juu ya gari. Levi aliikata yake, akanisogezea nusu mbele ya wazee wote. "Si mpishi pia aonje, bana."

Nikaila. Nikasema ni huyu.

Baba amenuna mpaka leo. Senge, wewe dada yake ulipelekwa kuolewa Malakisi bila mtu kukuuliza. Basi njoo harusini ukae mbele. Firigisi ya kwanza ni yako.

Mtoto wako,
Rispah