Mtu Aliyetokea Upande wa Kushoto

Lozells, Birmingham

Mdogo wangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii imekukuta mzima, wewe na Mama na wanao, na kwamba kile kikohozi cha Mama kimepungua. Mimi mwili hauna neno, chakula kinashuka, baridi nimeizoea. Moyo ndio haujatulia, na sitaki kukuzungusha: nina hofu, Zuhura, hofu ya kweli.

Utashangaa kwa nini nimekuandikia karatasi kama watu wa zamani, na simu zipo. Simu yako inashinda mikononi mwa Mama. Kila ninachorekodi anakisikia yeye kwanza, na hata nikisema niko salama, anazisikia pumzi zangu. Karatasi hawezi kuisikia. Nitampa shangazi yake Halima, anayekuja Mombasa harusini. Isome peke yako, na tafadhali usimsomee Mama.

Halima unamjua kwa hadithi zangu, yule Msomali wa Garissa ninayefanya naye kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao. Jumamosi moja alinivuta twende sinema mchana, kuna filamu mpya ya Kihindi ya kulipiza kisasi, na shujaa wake ni kipofu. Nikacheka. Nikamwambia mimi kipofu nimekua naye nyumba moja, na hajawahi kumpiga mtu ila kwa ndara. Lakini tukaenda.

Filamu yenyewe ungeipenda. Muuza marashi kipofu, kaka yake ameuawa, polisi wamehongwa, basi anawatafuta wauaji mmoja mmoja kwa harufu. Wa kwanza anamjua kwa mafuta ya nywele. Anapigana na genge zima, na genge lenyewe lina adabu, kila mmoja anangoja zamu yake ya kupigwa. Nikawa namhadithia Mama kimoyomoyo, kama tulivyokuwa tukifanya pale sebuleni kila Idi. Unakumbuka alivyokuwa akitukatiza? "Usinambie anaimba, hilo nalisikia. Nambia amevaa nini." Basi nikawa namwambia: kanzu ya kijivu, Mama, na skafu nyekundu.

Ikaja sehemu ya jikoni. Shujaa anachemsha chai, muziki umenyamaza, uso wake umejaa katikati ya skrini. Mimi namtazama yeye. Ghafla ukumbi mzima ukapiga kelele. Kina mama wa Kihindi nyuma yetu wakamwita Mungu wao, na Halima akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Mimi nimekaa tu. Nikamuuliza, "Kuna nini?"

"Kuna nini vipi? Si huyo mtu!"

"Mtu gani?"

"Mwanaisha, are you serious? Huyo hapo left, ako na waya mkononi! Amesimama hapo kitambo!"

Nikageuza kichwa, ndipo nikamuona. Mwanamume mzima, mrefu, shati jeupe, miguu mitupu. Alikuwa ameingia polepole na kila mtu akamuona akija, isipokuwa kipofu wa kwenye filamu na mimi.

Filamu ikaniishia pale. Nilikaa nikikumbuka mlango wa kabati unaonigonga bega kila asubuhi, nami nikiulaumu mlango. Nikakumbuka kioo cha gari nilichokikwangua ukutani. Na yule mwendesha baiskeli kule Moseley, aliyelipiga gari langu ngumi na kunitukana, nikaapa mbele ya watu kwamba ameniibukia. Hakuniibukia. Alikuwa upande wangu wa kushoto wakati wote, Zuhura, na ningemuua mtoto wa watu.

Halima hakunipa nafasi ya kujificha. Jumatatu alinipeleka kwenye duka la miwani wanakopima macho, nao wakanituma hospitali. Kule unaweka kidevu juu ya kifaa, unatazama nukta moja katikati, na kila ukiona mwanga mdogo pembeni unabonyeza kitufe. Kuna wakati nilikaa muda mrefu bila kubonyeza, nikadhani mashine imesimama. Ilikuwa haijasimama.

Daktari, dada mpole tu, alisema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki watajaribu kukilinda kwa dawa ya matone, na wengi wanaowahi huona mpaka uzeeni. Mimi hawajui bado kama nimewahi. Watanipima tena waone kama dawa inafanya kazi. Kisha akaniuliza kama kuna mtu kwetu mwenye maradhi ya macho. Nikasema, "Mama."

Unakumbuka Mama alivyoanza. Akiimimina chai nje ya kikombe, sisi tunacheka. Akijigonga mlangoni, Baba anasema ni haraka zake. Alipofikishwa hospitali wakatuambia tumechelewa.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na usinijibu "inshallah, nikipata nafasi." Nenda ukapimwe macho wiki hii. Daktari amesema ndugu wa damu wote wapimwe, hata wanaoona vizuri. Maradhi haya hayaumi, na huo ndio ubaya wake. Mimi nilikuwa naona vizuri mpaka siku ile ya sinema.

Siku hizi siendeshi gari mpaka waniruhusu. Ofisini wamenipa wazee wa mitaa ya karibu, nawaendea kwa miguu, na nikivuka barabara nageuza kichwa huku na huku kama kuku. Jikoni nafumba macho nijaribu kupika bila kuona. Jana nimetia sukari kwenye mchuzi wa samaki. Yule wa filamu alimnusa muuaji katikati ya soko, mimi sukari na chumvi zimenishinda. Nikacheka peke yangu, halafu nikakaa sakafuni nikalia.

Nisalimie shemeji Bakari, mumeo mvumilivu. Nisalimie Mjomba Athumani na cherehani yake, na Bi Rukia jirani anayemsuka Mama. Wanao waambie wakimhadithia bibi yao filamu wasisahau nguo.

Zuhura, nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nimeifungua tena. Msomee Mama. Msomee yote. Huku kila mtu ananiambia nisiogope, Halima, daktari, mpaka wazee ninaowatunza, na wote wanaona. Mama sijapata kumsikia hata siku moja akisema aliogopa. Muulize. Muulize siku ile alipojua, aliogopa? Akisema ndiyo, mpe simu arekodi mwenyewe, nimsikie akilisema.

Ni mimi dada yako, ninayewakumbuka kila jioni nikitia matone,

Mwanaisha